Kuku Aliyeletwa na Baba Mkubwa

Siku ile uani kwetu Tezo tulikuwa watu watano. Alikuwapo mama yangu, Dama, mjane. Shangazi Kadzo, dadake marehemu baba, aliyenifundisha kuchagua kuku. Baba mkubwa Charo, aliyekuja kututembelea kutoka Takaungu. Mkewe, mama mkubwa Mbodze. Na mimi Sidi, mtoto wa darasa la tatu niliyekuwa nimekwisha kurudishwa nyumbani kwa kukosa sare.

Nilikuwa na matetea sita. Mama alisema wazi: wakitaga na kuangua, watauzwa nishonewe sare, wasipoangua, nitakaa nyumbani nichote maji. Kwa hiyo shangazi Kadzo hakunifundisha kwa mchezo. Mtazame kwanza akiwa chini, alisema, kuku mzima hatulii, anaparura na kugeuza jicho. Kisha mshike. Jicho liwe kavu, linang'aa. Upanga wa kichwani uwe mwekundu. Puani pasiwe na kamasi. Mweke sikioni, na akikoroma mrudishie mwenyewe. Papasa kidari, mfupa usikuchome kidole. Halafu inua mkia uone kama manyoya ni makavu na safi. "Na usione haya," aliniambia, "maana yeye haoni haya kukunyea mkononi." Wote sita niliwachagua hivyo, mmoja mmoja.

Baba mkubwa alikuja na zawadi, kuku mwekundu mkubwa aliyefungwa miguu. Nilipompokea nilisikia harufu ya uchachu, kama maji ya muhogo yaliyolala. Mikono ikafanya ilivyofundishwa. Nikainua mkia, manyoya yameganda uchafu wa kijani.

"Kuku huyu mgonjwa," nikasema.

Kofi la mama likanipata. "Unampekua nyuma kuku wa baba yako mkubwa, naye amekaa hapo! Adabu umeitupa wapi?"

Baba mkubwa akacheka. "Mwache daktari wetu. Haya daktari, mdunge sindano!" Mkewe naye akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Nikamtazama shangazi Kadzo. Alikuwa ameuona ule uchafu, kwa kuwa nilikuwa nimemwelekezea yeye. Akainama, akaanza kupepeta mchele uliokuwa umepepetwa tayari. Nikaomba basi nimfunge kuku yule peke yake nyuma ya jiko. Mama akasema zawadi haifungwi kama mwizi, akamtia mwenyewe kizimbani pamoja na wangu.

Siku ya nne mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, ulikuwa umeingia. Wawili walipinda shingo wakatazama juu, wengine walihara kijani, mabawa chini. Niliwazika wote sita nyuma ya choo, na yule mgeni wao nikamzika mbali nao kwa hasira. Shule ilipofunguliwa, nilikuwa kisimani.

Nilikuwa tayari mama wa watoto watatu pale mama mkubwa Mbodze aliponihadithia, tukila wali wa matanga, kwamba kuku wao Takaungu walikuwa wameanza kufa, wakaona heri huyo aliyebaki amesimama waje naye kwetu achinjwe. "Nani alijua mtamfuga?" akasema, akicheka vilevile. Niliinuka, wali nikauacha.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Neema alitaka kuanza kufuga, nikaenda naye sokoni Mariakani. Nikamgeuza kila kuku.

"Nyanya, unanunua au unaposa?" muuzaji akanitania.

"Bi arusi hapekuliwi hivi, mwanangu. Inua mkia."

Neema akajifunika uso kwa leso. Nikamwambia kwa sauti, watu wasikie, kwamba haya amwachie mwenye kuku. Neema ana chanjo ya mdondo, inauzwa dukani, na amesoma hadi chuo bila kutegemea yai. Namfurahia. Lakini hasira yangu haijapoa, na watu wakishangaa kwamba simkasirikii sana aliyeleta kuku, nawaambia Charo hakuwahi kunifundisha kitu.

Wenzangu wa Tezo na Takaungu, kama nimekosea jina au nimemsahau mtu, nisahihisheni. Na kama yupo aliyesikia shangazi Kadzo akisema neno hata moja la kunitetea siku ile, huyo aje upesi, ningali hai.