Picha Kabla ya Amina

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Bungoma, nilipiga eksirei ya kifua nikakata ncha za mapafu pichani. Mkuu wa idara, mzee mpole aliyependa chai kuliko kitu chochote, aliinua ile filamu kwenye mwanga. "Barasa," akasema, "huyu mtu alikuja na mapafu mazima. Enda umuite, na umuombe msamaha." Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kupiga picha za ndani ya watu, na naipenda mpaka leo.

Miaka ikaenda, filamu zikaisha, kompyuta zikaja, nami nikahamia hospitali moja ya binafsi Kitale. Nilipanga nyumba mtaani Kibomet na kujifunza upya kama mwanafunzi, safari hii katika chumba cha moyo.

Ninyi mnaoanza leo mmeyakuta haya yote tayari, lakini niwaeleze. Mshipa wa moyo ukiziba, daktari hupitisha waya mwembamba kutoka mkononi hadi moyoni. Hupanua palipoziba kwa puto dogo, kisha huacha stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa uwe wazi. Eksirei na dawa ya rangi huonyesha tu kivuli cha damu inayopita. Kuona ukuta wenyewe, tuliingiza kamera ndogo inayotumia mawimbi ya sauti, nami nikapima upana kwenye skrini. Stenti iliyofunguka sawasawa huwa na matumaini ya kukaa miaka. Iliyobanwa inaweza kuziba tena, au damu ikaganda ndani yake ghafla, na mtu akaenda hivyo.

Daktari wetu wa moyo, mtu wa Mlima Elgon mwenye haraka zake, aliniuliza swali moja kwa kila mgonjwa: "Barasa, huyu atarudi ama hatarudi?" Yaani, stenti yake itaziba tena? Nikisitasita, angesema, "Kama hujapima, sema hujapima, bana!" Nilimpenda kwa hilo, ingawa kuna siku nilitamani kumrushia kiti.

Sista Mkuu, kiongozi wa wauguzi, naye alikuwa na desturi yake. Picha ya mwisho ikipendeza, sote tuliinamisha vichwa, yeye akashukuru kwa niaba ya mgonjwa. Baada ya Amina tulifungua aproni nzito za risasi za kukinga mionzi, daktari akavuta waya, kazi ikaisha. Hakuna aliyewahi kuongeza neno baada ya Amina ya Sista.

Siku moja akaletwa Mwalimu Nekesa, mstaafu kutoka Kwanza, nje ya Kitale. Kamera ilionyesha mshipa wake umezungukwa na chokaa ngumu kama kokoto. Stenti ikawekwa, dawa ya rangi ikapita vizuri, na nje wagonjwa wawili walikuwa wakingoja. Daktari akatabasamu. Kwa furaha hiyo hakuna aliyetaja kurudisha kamera, na Sista akaanza kuomba.

Nilikuwa nimetoka nyuma ya kioo cha mashine zangu kuungana nao. Nilijua chokaa ile ingeweza kuiminya stenti. Nilijua pia kwamba sijapima. Lakini Amina ilisemwa, na mimi nikashika kamba za aproni yangu.

Wagonjwa wetu huwa macho. Mwalimu Nekesa alikuwa akinitazama kutoka mezani. "Wewe wa mashine," akasema, "mbona wewe hujasema Amina?"

Sista akanikazia macho.

"Daktari," nikasema, "sijapima."

Daktari aliacha kuvuta waya. Kisha akasema taratibu, "Vaeni tena aproni."

Kamera ikaonyesha stenti iliyobonyea upande mmoja. Daktari akaingiza puto gumu zaidi, akalijaza kwa nguvu. Mwalimu alilalamika kifua kinambana, Sista akamshika mkono. Tulipotazama tena, stenti ilikuwa duara.

"Atarudi ama hatarudi?" Daktari akauliza.

"Nimepima. Sioni cha kumrudisha."

"Basi Sista, kuanzia leo picha kwanza, Amina baadaye." Sista alinuna hadi Jumatatu, kisha akaniletea maandazi.

Tangu hapo wenzangu walinisifu kwa ujasiri wangu, hata kwenye sherehe ya kuniaga. Sifa ile ilinichoma. Nilipostaafu nilikwenda Kwanza kumwona Mwalimu Nekesa, nikamkuta akichambua mboga, mzima. Nikamwambia ukweli: nilikuwa nimeamua kunyamaza. Asingeniuliza, ningekwenda zangu kunywa chai, naye pengine tungekuwa tumemzika.

Aliendelea na mboga zake.

"Ati unafikiri sikujua?" akasema. "Nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote. Mtoto ako na jibu na anaogopa kuinua mkono, huyo namjua kwa macho. Si ndiyo maana nilikuuliza?"