Mtungi Shimoni

Mama yangu alikuwa anapoteza macho, na mimi nilikuwa nimeamua hayapotei. Kwa tabia yangu, nikishaamua jambo, watu hukaa kando. Muuguzi wa kliniki ya Base Camp alikuwa amesema waziwazi kwamba huyu mama akiendelea kuinamia moshi wa kuni mbichi, ataishia kuongozwa kwa mkono. Kuni kavu zilikuwa zimekwisha zamani kote Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi huku Uganda, na tulipokwenda kuokota huko Masha, nje ya makazi, wenye mashamba walitufukuza. Basi nikasema mama atapikia gesi.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mjini Mbarara gesi ilikuwa imeanza kuzoeleka, mitungi imepangwa mbele ya maduka kwa rangi zake, na mtungi wa kampuni hii huwezi kuubadilisha kwenye duka la kampuni ile. Nakivale tuliiona ni mambo ya wakubwa wa ofisi. Mimi nilikuwa nauza vitenge, kila wiki niko Mbarara. Mteja wangu mmoja alikuwa mke wa mwanajeshi, anakaa kambi ya jeshi upande wa Biharwe, na ndiye aliyewauzia wenzake gesi. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na nilimpenda kwa hilo.

"Nyinyi watu ya Congo munaogopa gas bure," aliniambia. "Mimi napika nayo kila siku, watoto yangu iko sawa. Shida ni moja tu, lori ikichelewa kutoka Mombasa, bei inapanda. Lakini sasa wamepata mafuta huko Bunyoro. Ngoja kidogo, gas itakuwa ya kwetu, tutapikia mpaka matooke."

Gesi hiyo ya kwao naingoja mpaka leo, na sasa ni mimi ninayeuza mitungi. Siku ile nilirudi na mtungi mdogo, ule wenye kichomeo juu yake, nimeupakata njia nzima.

Mama aliutazama mara moja, akaenda kukaa mbali. Alizaliwa kando ya Ziwa Kivu, karibu na volkano, na huko gesi si kitu cha kupikia. Kuna hewa mbaya inayotoka ardhini, wanaiita mazuku. Haina rangi, inakaa mabondeni na mashimoni, na asubuhi unakuta mbuzi amelala humo haamki. Dada yake mkubwa aliingia katika bonde la namna hiyo akitafuta kuni, hakutoka. Mama aliamini kwamba watu wameifunga hewa hiyo ndani ya chuma, na binti yake mjinga ameenda kuinunua.

"Unaniletea kitu yenye iliua yaya yangu," alisema. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Nilimweleza kwamba hii ni nyingine, inatoka ng'ambo ya bahari. Alinisikiliza, kisha akachochea kuni zake. Nikaona maneno hayatoshi, inabidi ale bugali uliopikwa kwa gesi. Sasa, kwetu bugali wa mihogo mwanamke anausonga amekaa chini, sufuria ameizuia kwa mti anaoukanyaga kwa miguu, anavuta mwiko kwa mikono miwili. Juu ya mtungi sufuria inamfika kifuani, na ukivuta mwiko kila kitu kinayumba. Mara ya kwanza nilimwaga wote. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Nikachimba shimo. Katika kibanda cha jikoni nilizamisha mtungi mpaka kichomeo kikabaki juu kidogo ya ardhi. Nilijisifu, kwa nini nisijisifu? Majirani walikuja kuona, na mmoja akauliza jembe langu ni kubwa kiasi gani, naye akachimbe lake. Jioni nilisonga bugali nimekaa, miguu yangu mahali pake. Mama alikula, akalalamika kwamba hauna ladha ya moshi, akakubali kujaribu mwenyewe kesho yake.

Asubuhi nilitoka na kiberiti. Kulikuwa na harufu ya kuoza, nikadhani ni dagaa wa jirani, na nilishaandaa maneno ya kumwambia. Mama alinifuata akifuta macho. Kuku wake mwekundu alikuwa amejilaza shimoni, kando ya mtungi. Kuku hupenda shimo, kwa hiyo nikasema nimtoe kwanza, kisha niwashe.

Mama alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Usiwashe. Iyo kuku haiko nalala."

Nilitazama vizuri. Shingo ilikuwa imelegea. Sikuwa nimekaza mtungi sawasawa, na gesi iliyovuja, ndiyo ile harufu ya kuoza, haikupaa. Ilikuwa imejaa humo shimoni ikingoja kiberiti changu. Niliogopa, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijua nimeshindwa: mama hataigusa tena gesi, atarudi kwenye moshi, na macho yatakwenda. Nikasema nitaurudisha mtungi Mbarara.

"Urudishe juu ya nini, sababu gani?" aliuliza. "Sasa naijua. Iko nalala chini, sawa ile ya kwetu. Kitu unajua fasi, pahali yenye inalala, unaweza kukaa nayo. Yaya yangu, hakuna mutu alimuambia."

Tulingoja mpaka upepo ukafagia kila kitu. Nilitoa mtungi, nikaukaza, nikafukia shimo na kuusimamisha uwanjani. Mama hakungoja nimalize. Alimshika yule kuku miguu, akaenda nyumba kwa nyumba kwa wote waliokuja kuona shimo langu, akianza na yule wa jembe. Kwenye kila mlango alimnyanyua kuku na kusema: "Yaya yangu alikufa hivi." Miaka yote ya ukimbizi sikuwahi kumsikia akimtaja dada yake kwa mtu wa nje.

Aliporudi alinawa mikono, akabandika sufuria juu ya mtungi, akaniambia niishike masikio yote mawili. Kisha akasimama wima, mwanamke ambaye hajawahi kupika amesimama, akaninyang'anya kiberiti na kuwasha mwenyewe.