Balbu Iliyokataa Kuwaka

Mwalimu wa sayansi wa darasa la saba, wanafunzi walimwita Nakilini, maana ndilo neno alilolitamka kuliko yote. Kwa miaka kumi na tisa alichora ubaoni mchoro uleule wa umeme: betri, nyaya mbili, balbu. Aliuchora vizuri, mistari imenyooka bila rula.

Muhula ule mwalimu mkuu akarudi kutoka semina na maboksi ya betri, nyaya na balbu za tochi. "Kuanzia wiki hii watoto washike vitu kwa mikono yao," alisema. Nakilini akaguna. Kwake ilikuwa michezo ya kupoteza vipindi, lakini amri ni amri.

"Fuateni mchoro, itawaka," aliwaambia watoto.

Haikuwaka. Meza ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, hakuna kitu. Kiranja, bingwa wa kila mtihani, aliikariri kanuni yote bila kuruka hata neno, huku balbu imemnunia mkononi.

Ndipo mwanga ukatokea kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha, kwa binti wa fundi cherehani. Mtoto huyo mtihani uliopita alikuwa amepata alama nne kati ya hamsini.

"Umefanyaje wewe?"

"Nimehamisha waya mmoja, mwalimu. Kwenye mchoro wako zote mbili zinagusa kitako cha balbu. Mmoja uguse kitako, mwingine ubavuni. Taa ya cherehani ya mama iko hivyohivyo."

Nakilini akaichukua balbu. Akaunga kama alivyochora: ikazima. Akaunga kama alivyosema binti: ikawaka. Kukosea kulimuuma, lakini kilichomtisha zaidi ni kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kuwasha hata balbu moja kwa mikono yake. Akajikuta ameketi kwenye dawati la mwanafunzi.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Hapana, mwanangu. Nimeshtuka."

Alipotoka kazini alimpigia simu fundi umeme mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, amwombe radhi. Fundi akacheka mpaka akapaliwa.

"Ule mchoro? Mwalimu wangu, tulijua una kosa tangu siku ya kwanza kazini! Sasa tungekwambia kwa mdomo gani?"

Kicheko kile kilimchoma kuliko karipio.

Kesho yake aliufuta ubao mbele ya darasa zima. "Nimewafundisha kosa," alisema. Binti akachora upya, mistari imepinda kama njia ya mbuzi. Kiranja akatokwa na machozi: "Sasa kwenye mtihani tuandike upi?"

Siku hizi darasa lile linafungua kila kinachofunguka. Kengele ya shule ilikaa kimya siku mbili kwa sababu yao. Binti bado anaandika kwa shida, ila maswali yake yanamtoa mwalimu jasho. Juzi aliuliza mbona balbu inaunguza vidole na taa za kisasa haziunguzi.

"Sijui," alisema Nakilini. "Leta zote mbili kesho, tuzifungue."