Hakuna Kipande, Hakuna Faili

Khalayi Luseno alilelewa Makongeni, katika nyumba za reli, na babake kazi yake ilikuwa kupitisha treni. Kila njia ilikuwa na kipande kimoja cha chuma. Dereva asiyekuwa nacho mkononi hakupita, hata akipiga honi mpaka jioni.

Sasa Khalayi ni karani wa rekodi katika kliniki ndogo karibu na Makadara, na Alhamisi moja alifika kazini na mfuko wa vipande vya mbao. Kila daktari alipewa kumi. Ukichukua faili, kipande kinabaki rafuni mahali pake. Vikiisha, rudisha faili ndipo upate nyingine.

"Kwa hivyo tumekuwa treni?" akauliza Daktari Bwire.

"Treni hurudi, daktari. Faili zako ndizo hazirudi."

Mzee Kilonzo alikuwa ameshaketi kwenye benchi. Alikuwa na jicho moja tu linaloona, nalo lilisubiri upasuaji siku hiyohiyo. Hospitali ilitaka faili yake kabla ya saa sita, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mara mbili alikuwa ameifuata, mara mbili akaambiwa haionekani, aje kesho.

"Leo utanipa kesho gani, mama?"

"Leo sina kesho, mzee. Subiri hapo hapo."

Saa nne na nusu Bwire akaja dirishani. "Nipe faili ya mgonjwa wangu Nduta."

"Vipande vyako vimeisha."

"Wagonjwa wote kumi wako maabara na faili zao. Nitarudisha nini?"

"Lete zile za zamani. Nazo nazihesabu."

Bwire akarudi chumbani kwake. Droo zikavutwa, kabati likasukumwa. Nesi Vivian akachungulia mlangoni. "Khalayi, huyu anahama?"

Bwire akatoka na faili kumi na saba, amezibana kwa kidevu. Khalayi akazipekua mbiombio. Ya kumi na nne ilikuwa na alama ya kikombe cha chai juu ya jina: Kilonzo.

Akatoka mbio, akamshika mzee mkono, akamfikisha kwa bodaboda langoni, faili ikiwa ndani ya koti la mzee, vifungo vyote vimefungwa.

Aliporudi akampa Bwire kipande cha kumi na moja. Daktari akakigeuzageuza, kisha akakiweka rafuni mwenyewe, mahali pa faili ya Nduta.

Saa sita kasoro dakika kumi simu ikalia.

"Mama, wameipokea," akasema Kilonzo. "Wameniambia nivue viatu."