Jembe Fupi la Ndugu Salome

Usiku kucha niliwaza: Ndugu Salome, mpiga chapa wetu mwenye mguu uliopooza, atalimaje kesho kwenye shamba la wafanyakazi kule Malangali, kando ya mji wetu? Mimi, msomi mpya ofisini, nikajiamulia. Asubuhi dereva alipopakia majembe, nikalishusha lake, lile lenye mpini mfupi.

Shambani nikatangaza: "Ndugu Salome atapumzika. Mguu wake hauruhusu."

"Loo! Leo tumepata kupe wetu!" akadakia karani mmoja. Watu wakacheka.

Salome hakucheka. Siku hizi asiyelima huitwa kupe, na yeye hajawahi kuitwa hivyo. "Nani kakwambia silimi? Mimi nalima nimekaa. Jembe langu liko wapi?"

Jasho likanitoka katika baridi ile ya Ufipa. "Liko ofisini. Nimeliacha."

"Bila kuniuliza?"

Wote wakanigeukia. Ningeweza kumsingizia dereva; nilishaanza hata kupanga maneno. Lakini nikasema mbele yao, "Sikumuuliza. Kosa ni langu." Kisha nikavua koti, nikakimbia kuelekea ofisini Katandala kulifuata jembe, huku nyuma karani akipaza sauti, "Kimbia, kupe!"