Heshima ya Prudencia na Utumbo Wake

Nyumbani kwa Prudencia, kule Mkolani, kujamba kulikuwa marufuku. Aliyebanwa alitoka nje mpaka nyuma ya banda la nguruwe. Mumewe, marehemu Florian, aliishi hivyo hadi alipozikwa, na wakorofi wa mtaa wakasema kaburini ndiko alikopumua.

Miaka miwili baada ya Prudencia kufanyiwa upasuaji na kutolewa kifuko cha nyongo kilichojaa mawe, tumbo lilimvimba kama la chura, akawa anatapika maji ya kijani matupu. Wakamkimbiza hospitali.

"Mama, upasuaji ule uliacha makovu ndani," Daktari Ndalahwa alimweleza. "Yamenata, yakaukunja utumbo, ukaziba. Tutakuwekea mrija puani, usile wala usinywe, tuone kama utafunguka wenyewe. Usipofunguka, tutapasua tena. Kwa hiyo ukijamba tu, niambie. Nitashangilia."

Prudencia akageukia ukuta.

Siku ya tatu, kulipopambazuka, utumbo ulifunguka. Getruda, mwuza dagaa wa kitanda cha jirani, aliketi ghafla.

"Shikamoo, Mama Prudencia! Hongera! Ngoma zote za makumbusho ya Bujora hazifikii hiyo!"

"Marahaba. Ni kitanda kimelia."

"Kitanda gani kinanuka?"

Daktari alipopita, akina mama wa jumuiya ya kanisani kwake walikuwa wamemzunguka mgonjwa wao, kila mmoja, naye pia, na rozari mkononi.

"Mama, umejamba?"

Sala ikakatika. Wote wakamtazama Prudencia.

"Mimi? Mwanamke niliyefunga ndoa kanisani? Hapana!"

"Daktari, mbona asubuhi..." Getruda alianza.

"Wewe binti, usinizulie!"

"Kweli kabisa," akina mama wakamtetea. "Huyu hajawahi."

Daktari akalibonyeza tumbo, lilikuwa bado limejaa. "Basi hatuwezi kungoja, utumbo usije ukaoza. Leo mchana tunapasua."

Neno moja tu lingemwokoa. Prudencia akaomba kalamu, akatia saini ya kukubali kupasuliwa, na wenzake wakamsifu kwa ujasiri.

Alipozinduka, Daktari Ndalahwa alikuwa amekuna kichwa mpaka nywele zimesimama. "Mama, sielewi. Tumekuta utumbo umeshaanza kupitisha. Makovu tumeyakata, ila kisu kipya huleta makovu mapya, na hayo nayo yanaweza kunata."

Getruda alijifunika shuka usoni, kitanda chake kikitikisika kwa kicheko.

Prudencia alidanganya ameshika rozari. Uongo huo ulimgharimu mshono kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu, wiki nyingi za kuogeshwa na wakwe, na tumbo linaloweza kuziba tena siku yoyote.