Mikono ya Mukandoli

Zamani, mtu akiteguka mguu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale hakuulizwa kama amefika zahanati. Aliulizwa kama amefika kwa Mukandoli. Walimfuata kutoka Oruchinga na Ngarama, naye akawakanda kwa samli kama bibi yake alivyomfundisha kule milima ya Kivu. Unyenyekevu hakuwa nao. "Mikono hii haijashindwa," alisema, na nani angembishia?

Mwaka wa korona mumewe, Muhirwa, alilazwa hospitali ya Mbarara, mapafu yamejaa. Siku kumi na moja alivuta hewa ya mtungi. Ya kumi na mbili akapata nafuu, Mukandoli akamshukuru Mungu kwa sauti. Kesho yake shavu la mguu wa kushoto likavimba, likawa la moto.

Muuguzi aliutazama ule mguu, akakunja uso. "Mama, hii mguu hapana kanda. Damu imeganda ndani. Ikikatika, inakimbia kwa mapafu, inaziba. Ngoja daktari alete sindano."

Mukandoli akaitikia kwa adabu, lakini moyoni alichukia. Binti wa juzi, amfundishe yeye miguu? Kwao damu iliyolala huamshwa kwa kukandwa.

Muuguzi akatoka. Muhirwa akaguna. "Mama Shimwa, muguu inanikaza. Unikande kidogo tu."

"Na ile muuguzi alisema?"

"Ule anajua bitabu. Weye unajua miguu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku hiyo sikio lilikuwa la mke, kifo cha mume.

Akatoa kichupa cha samli, akakanda kutoka kifundoni kwenda juu. Kidole gumba kikakuta kitu kigumu ndani ya nyama, akakikandamiza mpaka kikalegea. Muhirwa akatabasamu.

"Imeachia," akasema. Kisha akaketi ghafla, akashika kifua. "Mama Shimwa, pumuzi... pumuzi inakataa."

Akaanguka upande. Mukandoli alimdaka, lakini mikono ilikuwa na samli tele, mume akamponyoka.

Baadaye daktari alimwambia lile bonge la damu lingeweza kukatika lenyewe. Hakumwamini.

Mwezi uliopita jirani yake Adélaïde, aliyelala na kikohozi wiki nzima, alikuja akichechemea, shavu la mguu limevimba. Mukandoli akaificha mikono ndani ya kitenge.

"Uende hospitali. Leo hii. Mutu asikuguse."

"Si unikande kwanza?" Adélaïde akacheka.

"Mikono hii njo ilimumaliza baba Shimwa," akasema Mukandoli, akatoka kumtafutia bodaboda.